Mathe Anaenda Opareshini ya Kansa? Kidonda Huanza Kupona Kwa Sahani

Skia hii stori vizuri, juu mtaani hakuna mtu huibonga. Kansa ikibisha kwa mlango wenu, maswali huwa mawili: opareshini ni lini, na doh itatoka wapi? Grupu ya WhatsApp inafunguliwa, harambee inaanza, anti mmoja anapewa kazi ya kushika hesabu. Hiyo ni sawa kabisa. Lakini kuna swali la tatu watu hulilenga, na linaweza kuamua kama kidonda kitafunga kwa wiki chache ama kitakaa wazi miezi: huyu mgonjwa anadishi nini, na amekuwa akidishi nini hizi miezi zote kabla aingie thieta?

Hapa hatuongelei dayati ya kukata kitambi. Tunaongelea usaha, nyuzi kuachana, na kemo kusukumwa mbele wiki baada ya wiki. Kama una mathe, sistee, shosho ama manzi wako anangoja opareshini ya kansa ya uzazi, kaa rada mpaka mwisho.

Kansa zenyewe ni gani?

Tukisema kansa za uzazi za wanawake tunamaanisha ile ya mlango wa uzazi, ya mfuko wa uzazi, ya ovari, ya uke, na ya sehemu ya nje ya uke. Hapa Kenya ile ya mlango wa uzazi ndiyo noma zaidi. Kila mwaka zaidi ya wanawake 5,000 hupatikana nayo, na zaidi ya 3,000 huaga. Hakuna kansa ingine inaua wanawake wengi hivyo hapa kwetu.

Si kila mtu hupasuliwa. Kansa ya mlango wa uzazi ikishikwa mapema, daktari anaweza kutoa mfuko wa uzazi pamoja na nyama iliyo kando yake. Ikishikwa kama imesambaa, mara nyingi dawa ni mionzi na kemo. Ya ovari kawaida huhitaji tumbo lifunguliwe kwa mstari mrefu kutoka chini ya kitovu kwenda juu, na saa zingine hadi kipande cha utumbo hutolewa. Ile ya sehemu ya nje ya uke ndiyo husumbua sana kwa kidonda, juu mahali penyewe pana unyevu, pana msuguano, na mara mob daktari hulazimika kukata hadi kwenye kinena akitafuta tezi.

Kwa hivyo hizi si opareshini za mchezo. Ni kidonda kikubwa, saa nyingi kwa meza, na damu nyingi. Mwili ukitoka hapo una kazi ya mjengo mbele yake.

Kidonda ni mjengo

Umewahi pita kwa mjengo ambao mwenyewe aliishiwa na doh? Chuma zimesimama, simiti hakuna, mafundi wameenda. Kidonda cha mtu ambaye hajakula vizuri huwa hivyo tu.

Ukikatwa, mwili hutuma walinzi kwanza. Hao ni seli nyeupe za damu, na kazi yao ni kumeza bakteria zilizoingia. Alafu mafundi wanakuja kusuka kolajeni, ile kamba ya protini inashika ngozi na nyama pamoja. Kolajeni inatengenezwa na protini, na inahitaji vitamini C ndio ishikane vizuri. Zinki inasaidia seli mpya kuzaana. Himoglobini, ambayo inataka madini ya chuma, ndiyo lori ya kubeba oksijeni hadi kwa saiti. Hata walinzi wenyewe wameundwa na protini. Protini ikikosa, walinzi wanapungua na simiti inapungua, yote kwa wakati mmoja. Bakteria wanapata mlango wazi na hakuna askari.

Daktari wanaita hii maambukizi ya kidonda cha opareshini, na huhesabiwa kwa siku 30 baada ya kupasuliwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, karibu wagonjwa 11 kwa kila 100 wanaopasuliwa hupata maambukizi. Hiyo ni ya opareshini za kila aina. Mgonjwa wa kansa mwenye mwili umechoka anaingia kwa hiyo hesabu akiwa tayari nyuma.

Na kwa kansa, maambukizi si maumivu tu. Wengi wakitoka thieta bado wanangojewa na kemo ama mionzi. Kemo inapunguza hizo seli nyeupe, kwa hivyo daktari hawezi kukuanzishia kama kidonda kiko wazi na kinatoa usaha. Unangoja. Kansa haingoji.

Hii si habari mpya

Mwaka wa 1936, daktari mmoja wa Cleveland, Marekani, anaitwa Hiram Studley, alikaa chini akaangalia rekodi za wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliopasuliwa. Aligundua kitu kimoja: wale walikuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao kabla ya opareshini, karibu mmoja kwa kila watatu alikufa. Wale hawakuwa wamekonda hivyo, waliokufa walikuwa kama asilimia 3.5 pekee. Tofauti ilikuwa mwili ulioletwa kwa meza.

Dawa na thieta zimebadilika sana tangu hapo. Lakini ile kanuni imebaki, na kwa kansa za uzazi imeonekana tena na tena: wagonjwa wenye lishe mbaya hupata shida za kidonda zaidi na hukaa hosi siku nyingi.

Mwili mkubwa unaweza kukudanganya

Hapa ndipo wasee wengi huchezwa. Kwetu mtu akiwa na mwili tunasema ana afya. Kwa kansa za uzazi, macho yako yanaweza kukupotosha njia mbili.

Ya kwanza ni maji ya tumbo. Kansa ya ovari hupenda kujaza tumbo maji. Mathe anapanda mizani, anaona kilo ni zile zile za mwaka jana, kila mtu anatulia. Kumbe hizo kilo ni maji. Nyama ya mikono na mapaja imeshaenda, mabega yamechongoka, mashavu yameingia ndani. Usiangalie mizani peke yake. Angalia mikono. Angalia kama pete inamtoka kidole. Angalia kama anaweza kuinuka kwa kiti bila kushika kitu.

Ya pili ni kansa ya mfuko wa uzazi, ambayo huwapata sana wanawake wenye uzito mkubwa. Mtu anaweza kuwa na kilo 100 na bado awe na njaa ya ndani: mafuta mob, misuli kidogo, chuma kidogo, protini kidogo. Alafu mafuta yenyewe hayana mishipa mingi ya damu, kwa hivyo oksijeni na dawa hufika pale pole pole. Ndio maana unene pia huongeza hatari ya kidonda kuoza. Na hapana, suluhisho si kumnyima mgonjwa chakula wiki mbili kabla ya thieta ndio apungue. Atapoteza misuli, mafuta yatabaki, na hiyo ni hasara tupu.

Kuna pia kile kipimo cha damu kinaitwa albumini. Ikiwa chini, daktari hukunja uso, juu wagonjwa wenye albumini ya chini huwa na shida zaidi baada ya opareshini. Lakini ujue albumini hushuka pia mwili ukiwa na uvimbe ama homa ya ndani. Ni kengele tu. Haiwezi kukupa stori yote, na huwezi kuipandisha kwa siku mbili na sahani ya mayai.

Fanya hii hesabu leo

Hauhitaji digrii. Mimi mwenyewe chuo niliacha kitambo na hii naiweza.

Chukua uzito wa mgonjwa wa miezi sita iliyopita, toa wa leo, gawanya kwa ule wa zamani, zidisha kwa 100. Alikuwa kilo 70, sai ni 63. Ametupa 7. Saba gawanya kwa 70 ni asilimia 10. Hapo si mahali pa kusema "si amekonda kidogo tu." Hapo ni mahali pa kumtafuta daktari na mtaalamu wa lishe kabla ya tarehe ya opareshini.

Kama hamjui kilo zake za zamani, uliza mbili tu: amekonda bila kupanga? Na anakula kidogo kuliko kawaida juu hamu imepotea? Kama zote ni ndiyo, usinyamaze.

Wataalamu wa lishe ya hospitali wa Ulaya, ESPEN, wanasema mtu mwenye hatari kubwa ya lishe apewe msaada wa chakula kwa siku 7 hadi 14 kabla ya opareshini kubwa, hata kama itabidi opareshini isogezwe, na hata kama ni ya kansa. Wanahesabu hatari kubwa kuwa kupoteza zaidi ya asilimia 10 hadi 15 kwa miezi sita, ama BMI chini ya 18.5, ama albumini chini ya gramu 30 kwa lita bila shida ya ini au figo. Uamuzi wa kusogeza ni wa daktari wako, si wako na Google. Lakini ukijua hivi, unajua cha kuuliza.

Na hapa kwetu mara nyingi mtu hungoja foleni ya thieta kwa wiki kadhaa. Hiyo foleni inauma, lakini usiiache iende bure. Ni wakati wa kupakia simiti.

Sasa dishi lenyewe

Lengo linalopendekezwa kwa mtu anayejitayarisha kupasuliwa ni karibu gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili, kwa siku. Mtu wa kilo 60 anataka kama gramu 72 hadi 90. Ukisikia hivyo unafikiria nyama choma kila siku. Zii. Cheki hesabu ya mtaani:

- Uji umepikwa na kikombe cha maziwa: gramu 8
- Mayai mawili: 12
- Ngumi moja ya njugu: 7
- Kikombe cha ndengu zilizopikwa: 14
- Omena kavu kama gramu 30, ukishapika ni sahani ndogo: 16 hivi
- Glasi ya mala: 8
- Kikombe cha madondo jioni: 15

Jumla ni kama 80. Hakuna kitu hapo mama mboga, duka la mtaa na kibandaski hawana. Ugali na chapo ziwepo pia, juu mwili ukikosa nguvu ya kawaida utachoma hiyo protini kama kuni, na kidonda hakitaiona.

Ongeza machungwa, mapera, nyanya na sukuma ya kupikwa haraka kwa sababu ya vitamini C. Terere, managu na ini zina chuma, na hiyo ni muhimu sana kama kansa imekuwa ikimtoa damu miezi mingi. Kamulia limau juu ya mboga, inasaidia chuma kuingia mwilini. Na hiyo strungi ya kushushia chakula? Isogeze mbele saa moja au zaidi, juu chai huzuia chuma.

Najua utasema: lakini hawezi kula, kila kitu kinanukia vibaya, ama yuko kwa kemo na mdomo una vidonda. Basi usimwekee sahani mlima. Mpe kidogo kidogo kila saa mbili au tatu. Anza na protini, wali ufuate. Chakula baridi hakina harufu kali kama cha moto: mala, yai la kuchemsha lililopoa, parachichi, uji uliowekwa unga wa njugu. Supu ya mifupa ni tamu lakini usidhani ni chakula kamili, nyama yenyewe ndiyo ina protini. Akishindwa kabisa, kuna maziwa maalum ya hospitali, na mtaalamu wa lishe ndiye atasema aina gani.

Kama ana shida ya figo, kisukari, ama amekatwa utumbo, hiyo listi hapo juu ipite kwa mtaalamu wa lishe kwanza.

Stori za jaba za kuzima

*"Sukari na wanga hulisha kansa, wacha kumpa ugali."* Kila seli ya mwili hutumia sukari, hata hizo seli nyeupe zinapigania kidonda. Ukimnyima, mwili utabomoa misuli utengeneze sukari yake. Kansa haitakufa njaa, mathe ndiye atakonda. Lakini kama ana kisukari, hapo ni tofauti: sukari ikipanda, walinzi wa damu hulegea na kidonda huoza. Idhibitiwe na daktari kabla na baada.

*"Mpe juisi ya bitruti na mboga tu, nyama na mayai ni sumu."* Juisi haina protini ya maana. Wiki tatu za juisi kabla ya thieta ni wiki tatu za kubomoa.

*"Amepewa antibiotiki, atapona hata asipokula."* Antibiotiki hupunguza bakteria. Haisuki kolajeni.

Siku ya thieta

Wengi wameambiwa wasile kuanzia usiku wa manane. Miongozo ya sasa ya usingizi wa opareshini kawaida huruhusu chakula hadi saa sita kabla, na maji safi hadi saa mbili kabla, kama hakuna shida ingine. Fuata kile daktari wa usingizi amesema, lakini muulize.

Na hii ndiyo muhimu kwa hosi zenye foleni: opareshini ikiahirishwa, swali la kwanza liwe "sasa anaweza kula?" Mtu anaweza kulala njaa leo, kesho, na keshokutwa juu damu haijapatikana ama kesi ya dharura imeingia. Siku tatu za njaa kwa mgonjwa wa kansa ni hasara kubwa, na muuguzi ana wagonjwa wengi, anaweza kusahau. Wewe usisahau.

Mambo mengine pia huchangia, tusidanganyane kwamba ni chakula tu. WHO inataka mgonjwa aoge kabla, nywele zisinyolewe na wembe, na antibiotiki ya kuzuia ipewe ndani ya saa mbili kabla ya kukatwa. Sigara na shisha ziachwe angalau wiki nne kabla. Na kama mgonjwa amekula vizuri na bado kidonda kimeoza, usimtupie lawama. Chakula hupunguza hatari, hakiiondoi.

Akirudi keja

Maambukizi mengi hujitokeza mtu ameshatoka hosi. Kwa hivyo macho ni yako. Rudi haraka ukiona:

- Joto la mwili kufika 38 ama zaidi, ama kutetemeka
- Uchungu ulikuwa unapungua, sasa unapanda
- Kidonda kimevimba, kina joto, kinatoa usaha ama harufu
- Nyuzi zimeachana
- Uchafu wenye harufu mbaya ama damu nyingi kutoka ukeni

Vitabu husema angalia wekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu unaweza kujificha. Utaona tu pameiva zaidi, rangi ya zambarau ama nyeusi kuliko kando yake, na ukigusa pana joto na ugumu. Usingoje wekundu.

Usipake majivu, dawa ya meno, ama asali ya jikoni. Usinunue vidonge viwili vitatu duka la dawa ukijaribu bahati. Na usipunguze dishi juu sasa amerudi nyumbani. Mjengo ndio kwanza umeanza: hata baada ya wiki tatu, kovu huwa na nguvu kama asilimia 20 tu ya ngozi ya kawaida.

Maswali ya kubeba mfukoni

Ukimsindikiza kliniki wiki hii, iwe ni Kenyatta, Moi Eldoret ama hosi ya kaunti yenu, uliza haya:

1. Uzito wake umepungua asilimia ngapi, na mnaonaje?
2. Damu yake, sukari na albumini ziko aje?
3. Tunaweza kuonana na mtaalamu wa lishe kabla ya tarehe?
4. Atakaa bila kula saa ngapi, na ikiahirishwa tufanye nini?
5. Baada ya thieta, ataanza kula lini na tulete chakula gani?

Daktari hatakasirika. Wengi watafurahi kuona familia imechanuka.

Na ile grupu ya harambee? Mchango ukiingia, msipeleke yote kwa bili na petroli. Wekeni fungu la mayai, maziwa na omena, na mtu mmoja wa kuhakikisha zimeliwa. Sio lazima awe anti. Anaweza kuwa wewe.